Gramu Tisini kwenye Sinia la Watu Sita

Kwa miaka ishirini na mbili hakuna harusi ya Waislamu iliyofanyika Arua mjini, na chache sana Koboko, ambayo nyama yake haikupita mbele ya macho ya Kaltumu. Yeye hakuwa mpishi. Mpishi ni mtu wa moshi, anaungua vidole, na sherehe ikiisha hakuna anayekumbuka jina lake. Kaltumu alikuwa mgawaji. Aliwekewa kigoda mbele ya masufuria, akatajiwa idadi ya masinia, tuseme arobaini na saba, akaitazama nyama mara moja, kisha akaanza kupakua. Sinia la arobaini na saba lilipata sawa na la kwanza, na chini ya sufuria kilibaki kipande kimoja, cha mgawaji mwenyewe. Vikibaki vitatu, watu watasema mgawaji ni mchoyo. Sinia la mwisho likikosa, mgawaji huyo atafute mji mwingine wa kuishi. Kaltumu hakuwahi kuhama Arua.

Watu wa Koboko walikuwa wakimletea gari. Katika miaka ile ya serikali ya kijeshi kila familia ya Koboko ilikuwa imegundua ghafla kwamba ina ndugu jeshini, na kila ndugu wa jeshini alikuwa amegundua kwamba ana gari. Harusi moja ya mwaka 1973 walimfuata kwa lori. Kaltumu akaketi mbele na dereva, na shangazi wa bibi harusi akapanda nyuma pamoja na mbuzi. Shangazi hakulalamika, alijua nani anahitajika zaidi.

Mumewe, Umaru, alikuwa dereva wa jeshi aliyestaafu, na alikuwa na kitambi. Kitambi kile Kaltumu alikijenga mwenyewe, bakuli kwa bakuli, na alikionea fahari kama mwingine anavyoionea fahari nyumba ya bati. Mwanamume akipita na tumbo la namna ile, watu wanajua kwake kuna mke. Basi ikafika mwaka 1975, sukari imeadimika katika maduka yote ya Arua, watu wanapanga foleni tangu alfajiri kutafuta kilo moja, ndipo hospitali ikagundua sukari nyingi kupita kiasi. Ilikuwa kwenye damu ya Umaru.

Alikuwa amekwenda kwa ajili ya kidonda. Kiatu kipya kilimchubua kidole gumba cha mguu wa kulia, na mchubuko ule ukakaa wiki sita ukikataa kupona. Daktari alimpima hiki na kile, akampandisha kwenye mizani, akasema tumbo lile lipungue na sukari ishuke. Akatoa miezi mitatu. Kidonda kisipofunga kwa muda huo, mguu utakatwa, pengine kwenye kifundo, pengine juu zaidi. Alisema hayo huku akitafuta kalamu yake mezani, akaipata, akafurahi.

Kaltumu aliogopa. Alimtazama Umaru, mtu aliyeishi miaka thelathini kwa kukanyaga pedeli, akamwona mawazoni amekaa kwenye mkeka mlangoni, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Umaru naye aliogopa, lakini kwa namna yake. Alimwapisha mkewe kwamba habari ya mguu isitoke nje, akawaambia rafiki zake kwamba daktari amempongeza kwa afya njema isipokuwa viatu.

Walipelekwa kwa Fabiano, kijana wa Logiri aliyesomea mambo ya lishe mwaka mmoja Kampala, akarudi na chati ya ukutani, mizani ndogo na mwili ambao ungepita chini ya mlango uliofungwa. Huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha watu kula. Kalori, alieleza, ni nguvu iliyomo ndani ya chakula, na ile isiyotumika mwili unaiweka akiba. Umaru, ambaye hakuwahi kuweka akiba ya kitu kingine chochote maishani, aliambiwa kwamba hii ameiweka ya miaka kumi. Sasa atakula kalori elfu moja na mia tano kwa siku. Nyama ni gramu tisini, mara moja tu kwa siku, iliyokwisha kupikwa, bila mfupa na bila mafuta.

Fabiano akaongeza, kwa faida ya wasio na mizani, kwamba gramu tisini ni kipande kinacholingana na pakiti ya karata. Kaltumu akamjibu kwamba nyumba yake ni nyumba ya sala, karata hazijaingia humo, na yeye hajui ukubwa wake. Umaru, kwa kutaka kusaidia, akatia mkono mfukoni akatoa pakiti, kuukuu, pembe zimelika kwa kushikwa. Suala la karata lilizungumzwa kwa urefu njiani kurudi nyumbani na hapa halina nafasi.

Kilichomuudhi Kaltumu zaidi ni maneno ya mwisho ya yule kijana. Alisema macho ya watu yanadanganya, na kwenye nyama yanadanganya maradufu. Mtu anaona tisini mahali penye mia mbili, na anaweza kuapa. Afadhali mama aazime mizani. Kaltumu alimuuliza kwa upole ana umri gani. Ishirini na sita, akasema Fabiano. Kaltumu akasema vizuri, akafunga kanga yake, akaondoka bila mizani.

Akaanza kazi. Kila siku alichemsha nyama kwanza ndipo akakata, kwa kuwa mgawaji yeyote anajua kwamba nyama mbichi ina maringo, inaingia sufuriani imejaa na kutoka imesinyaa. Aliondoa mafuta, akaondoa mishipa, akakata kipande kimoja kisicho na doa, cha gramu tisini kwa jicho lake, akakiweka kwenye sinia mbele ya mahali pa Umaru.

Maana chakula cha mchana nyumbani kwao kililiwa kama kilivyoliwa katika nyumba zote za mtaa ule. Wanawake na watoto walikula ndani. Wanaume walikula barazani, sinia moja katikati, kisra imekunjwa pembeni, ile mikate laini ya mtama iliyo myembamba kama karatasi, mchuzi wa bamia katikati, na nyama imepangwa na mama mwenye nyumba mbele ya kila mtu. Wenzake Umaru walikuwa watano, wote wa jeshi au waliowahi kuwa. Mkubwa wao alikuwa Nasur, sajini, mtu mwema mpaka anachukiza. Wa pili alikuwa Tahiru, aliyekuwa kiziwi kidogo kwa sababu ya mizinga na kiziwi kabisa akiombwa kitu. Watatu waliobaki hawahitaji majina, kwa vile walikuja kula tu.

Mwezi wa kwanza ulipoisha walirudi hospitali. Umaru alikuwa ameongezeka kilo mbili. Mwezi wa pili akaongeza tatu nyingine. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, na Kaltumu alikiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Alikuwa amempunguzia kila kitu. Asubuhi chai bila maziwa, jioni maharage na mboga, nyama ile ile moja. Na bado mtu anafura. Fabiano alimtazama kwa huruma, jambo lililokuwa baya kuliko kama angemkaripia. Akasema pole pole kwamba hakuna kosa, ndivyo ilivyo kwa kila mtu, jicho linampenda mume na mkono unalifuata jicho.

Kesho yake Kaltumu alirudi peke yake, na bakuli la nyama iliyochemshwa na kisu. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakasimama kutazama. Alikata kipande cha kwanza, Fabiano akakipima: gramu themanini na nane. Cha pili, tisini na moja. Cha tatu, tisini kamili. Fabiano akaifuta mizani kwa leso, akakipima tena. Akajaribu na jiwe la mizani lililoandikwa mia moja, kuona kama mizani ndiyo iliyoharibika. Kisha akakaa chini.

"Mama, jicho yako haina makosa," alisema. "Sasa huyu muzee iko nakula wapi?"

Hilo ndilo swali alilotoka nalo Kaltumu hospitalini. Na mwanamke anayeambiwa kwamba mumewe ananenepa kwa chakula cha mahali pengine hafikirii wanga wala mafuta. Alifikiria Midia, ambako Umaru alikuwa na shamba la mihogo ambalo kwa miaka yote hiyo halijaleta mihogo. Alimuuliza. Umaru akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba tangu siku ile ya daktari hajatia kitu kinywani nje ya nyumba yake mwenyewe. Na cha ajabu ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Ilimbidi Kaltumu afanye jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa yake yote. Aliwapelekea wanaume sinia, akanawa, akasimama nyuma ya pazia la mlango wa baraza, akawatazama wanavyokula.

Wakasema bismillahi. Wakamega. Nasur akakitazama kipande cha Umaru, kimoja, kimekaa peke yake mbele ya mwenye nyumba kama mtu aliyekosa mwaliko. Yeye mwenyewe Nasur alikuwa na vipande vitatu. Akachukua kimoja kwa vidole viwili, akakisukuma mpaka upande wa Umaru. Hakusema kitu, ndiyo adabu yenyewe. Hapo Tahiru akasukuma chake. Wale watatu nao, ambao wasingetaka kuonekana hawana malezi, kila mmoja akasukuma kimoja. Kaltumu alihesabu pale pale, kwa jicho lile lile lisilo na makosa: gramu hamsini na tano mara tano, ni mia mbili sabini na tano, jumlisha tisini zake. Mumewe alikuwa anakula nyama mara nne ya kipimo, barazani kwake, mchana kweupe.

Kabla ya ugonjwa hawakuwa wakimsukumia. Kabla ya ugonjwa alikuwa na vipande vitatu kama wao. Ni kile kipimo chake yeye Kaltumu, kile cha halali kisicho na doa, kilichowatia watu huruma. Wakati anawaza hayo akamsikia Nasur akimtaja kwa jina la binti yake, kama walivyozoea kumwita.

"Mimi iko nashangaa," Nasur alisema. "Mama Aminah napakulia watu mia tano Koboko. Nyumbani yake, mwenye nyumba napata nyama ya mutoto."

Umaru hakumtetea mkewe. Alishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyeonewa na amesamehe, akala.

Alipoulizwa baadaye, hakuona kosa lake liko wapi. "Mama Aminah, mimi nakula ile wewe napima," alimwambia. "Ile ingine iko ya heshima. Mutu nakupa heshima, wewe narudisha?" Fabiano na chati yake yote hakuwa amelifikiria hilo. Kwenye ukuta wa hospitali palikuwa na kalori za ng'ombe, za mbuzi, za kuku na za samaki, lakini nyama ya kusukumiwa haikuandikwa, kwa hiyo Umaru aliihesabu sifuri.

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Kaltumu alijaribu kumpakulia sahani yake peke yake, ndani. Siku ya pili tu majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja kumjulia hali, wengine wameshavaa nyuso za msiba kabisa, kwa kuwa mwanamume wa mtaa ule akila peke yake ama amegombana na watu ama anakufa. Umaru akavaa kanzu, akarudi kwenye sinia kuonyesha kwamba hajafa. Kaltumu akavunja nusu ya kiapo. Bila kutaja mguu, alimwita Nasur pembeni akamwambia kwamba mzee anaumwa, asipewe nyama. Nasur alimsikiliza kwa makini, akaguswa sana, akaahidi. Mchana ule akamsukumia vipande viwili badala ya kimoja, kwa kuwa mgonjwa anahitaji nguvu.

Usimcheke Nasur. Kumwambia mtu kama yule asisukume nyama ni kumwambia asivue viatu msikitini. Kaltumu alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana na yeye ndivyo alivyolelewa. Basi akakaa jikoni kwenye kigoda chake, nyama mbele yake, akaacha kupigana na mikono ya watu. Akaipigia hesabu. Aliwatazama tena siku mbili nyuma ya pazia, akaona kwamba Nasur amerudi kwenye desturi, na desturi ilikuwa haibadiliki: mwenye vipande vitatu anatoa kimoja, anabaki na viwili. Watu watano, vipande vitano. Tisini gawa kwa tano ni kumi na nane.

Mchana uliofuata sinia lilitoka na vipande vya gramu kumi na nane, vitatu mbele ya kila mgeni, na mbele ya Umaru mfupa mtupu ulioparuliwa ukawa mweupe. Nyama yote ya wanaume sita, robo kilo na ushee. Kaltumu alisimama nyuma ya pazia. Wanaume waliangalia. Nasur alitafuta chini ya bamia kwa mkate, kama mtu aliyeangusha pete. Kisha, kwa kuwa mwenye nyumba ana mfupa tu, na watu wana adabu, kila mmoja akasukuma kimoja. Umaru akala gramu tisini kamili na akaona amekula sana, maana amepewa na watu watano.

Siku ya nne mmoja wa wale watatu hakuja, alikuwa na shughuli. Kaltumu akakata vipande vya gramu ishirini na mbili na nusu. Wiki ya pili shughuli zikampata wa pili, halafu wa tatu. Wakabaki Nasur na Tahiru, na sasa kila kipande kikawa gramu arobaini na tano, kwa hiyo wale waliovumilia wakaanza kula vizuri tena bila kujua ni kwa nini. Nasur alidhani maisha yamekuwa mepesi kidogo mjini. Tahiru alikuwa anatafuna.

Lakini wale watatu walikuwa wameondoka na midomo yao. Habari ikazunguka sokoni, ikazunguka msikitini, ikapanda magari ya Koboko na kushuka Kuluba kwenye mashamba: mkono wa Kaltumu umekuwa mfupi. Robo kilo kwa watu sita, mume anaguguna mfupa, mgeni anafukua bamia. Wanawake waliokuwa wakimwita dada wakaanza kumwamkia kwa haraka. Mama wa bibi harusi mmoja, aliyekwisha kumwomba aje kugawa, akatuma mtu kusema kwamba harusi imekuwa ndogo. Ilikuwa na masinia sitini. Kaltumu aliyasikia yote hayo, akalia mara mbili, mara zote jikoni, ambako machozi yana vitunguu vya kusingiziwa. Angeweza kujitetea kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ilikuwa na mguu wa Umaru ndani yake, na alikuwa ameapa.

Mwezi wa tatu ulipoisha Umaru alikuwa amepungua kilo sita. Daktari akakitazama kidonda, akaona nyama mpya nyekundu pembeni, akaongeza mwezi mmoja. Mwezi huo ukaisha, kidonda kimefunga, pamebaki kovu jeusi la ukubwa wa punje ya mahindi. Fabiano akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amefuata ushauri vizuri sana. Umaru akaona ni kweli, akampa mkono.

Baada ya mfungo ikafungwa harusi kubwa kuliko zote Koboko, ya binti wa kapteni mmoja, masinia mia moja na kumi. Gari lilikuja Arua kumchukua mgawaji. Lilipita mbele ya nyumba ya Kaltumu bila kupunguza mwendo, likaenda kwa Sadiya, mwanamke mwenye roho safi ambaye hajui tofauti ya kilo na ratili. Umaru alilipandia huko kwa Sadiya, kwa kuwa yeye alialikwa. Kaltumu alibaki amekaa na mikono yake mapajani, na hiyo ndiyo siku aliyokubali kwamba kazi yake imekwisha.

Kesho yake Nasur alikuja mapema, amefadhaika. Hakuketi. Alisema ameona heri Kaltumu asikie kwake kuliko kwa watu. Kule Koboko, masinia manane ya mwisho yalipotoka bila nyama, watu waliuliza Mama Aminah yuko wapi, na Umaru ndiye aliyejibu. Aliwaambia wamshukuru Mungu kwa Sadiya. Aliwaambia mkewe amekuwa bahili kiasi kwamba yeye anaishi kwa sadaka ya rafiki zake, na akawashikisha kiuno chake, waone kanzu ilivyolegea.

Kaltumu alifunga upya kanga yake. Nasur alidhani anatafuta matusi.

"Wakati nasema hayo," Kaltumu aliuliza, "alikuwa nakaa ao nasimama?"

"Alikuwa nasimama," Nasur alisema, amechanganyikiwa. "Tena alikuwa natembea. Sinia hii mpaka sinia ile, yote mia moja na kumi. Hakukosa hata moja."

"Hakuchechemea?"

"Hapana, shemeji. Alikuwa naenda muzuri tu."

Kaltumu akamwambia aketi, asiondoke bila kula, akaingia jikoni kuchemsha nyama.